Mabawa ya Kilimanjaro Mikononi mwa Johannesburg

Tarakimu tatu za kwanza kwenye namba ya tiketi ya ndege zinasema tiketi hiyo imetoka shirika gani. Za Air Tanzania ni 197. Za South African Airways ni 083. Mwanzoni mwa karne hii kulikuwa na kipindi ambapo abiria wa Air Tanzania alikuwa akipewa tiketi inayoanza na 083. Ubavuni mwa ndege liliandikwa jina letu na wahudumu walimkaribisha kwa Kiswahili, lakini kitabu cha tiketi kilikuwa cha Johannesburg. Mpaka Septemba 2006, Air Tanzania iliporudi kwenye 197 yake, hayo ndiyo yalikuwa maisha ya shirika la taifa.

Nchi nyingine zina gari la taifa, na raia wake hulionea wivu kama mtoto wa nyumbani. Wacheki wana Škoda, ambayo Volkswagen ya Ujerumani iliingia kama mbia mwaka 1991 na baadaye ikaichukua yote. Waromania wana Dacia, iliyonunuliwa na Renault ya Ufaransa mwaka 1999. Tanzania haikuwahi kuwa na gari lake la kuuza duniani. Ilikuwa na ndege, yenye picha ya twiga mkiani, na kwa miaka ipatayo minne karibu nusu ya twiga yule ilikuwa mali ya Afrika Kusini. Naisimulia habari hii nikiwa Chato, mkoani Geita, kwa sababu mwisho wake umetufikia mpaka mlangoni, na kwa sababu naamini inasimuliwa vibaya. Wengine husema mgeni alituibia shirika. Wengine husema sisi wenyewe hatuwezi kitu. Ukiifuata tangu mwanzo, utaona swali zito zaidi: nani alikuwa tayari kutoa fedha, na ndege zilikuwa zinalala wapi.

Kulala kwa ndege si jambo dogo. Ndege inapolala ndipo ilipo karakana yake, ndipo wanapoishi marubani na mafundi wake, na ndipo ratiba inapoanzia asubuhi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 likiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lakini ndege zake zililala Nairobi. Hata zile Super VC10 zilizokwenda London, ambazo Watanzania walikuwa na haki ya kuziita zao, kwao kulikuwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikatazama ilichobaki nacho. Kenya ilikuwa na ndege, karakana na mafundi. Tanzania ilikuwa na hisa kwenye karatasi. Mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Machi 11, 1977 ikaanzisha Shirika la Ndege Tanzania, ATC.

ATC ilianza kwa kuungaunga, kisha ikanunua Boeing 737-200 mbili mpya mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa Kanda ya Ziwa hilo lilikuwa jambo kubwa. Reli kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilikuwa safari ya siku, na barabara za wakati ule wanaozikumbuka wanazikumbuka kwa vumbi na tope. Boeing ilitoka Mwanza na kufika Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa moja na nusu.

Safari ya Februari 26, 1982 haikufika Dar es Salaam. Boeing iliyoondoka Mwanza ikiwa na watu karibu mia ilitekwa angani na kundi la vijana wa Kitanzania waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ilitua Nairobi, ikaenda Jeddah, ikaenda Athens, mwisho ikatua Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha Februari 28. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi. Abiria waliotoka Mwanza wakitegemea kula chakula cha mchana Dar es Salaam walishukia kwenye baridi ya Ulaya. Tukio hilo hutajwa zaidi katika habari za siasa, lakini hata mwenye kusimulia ndege ana haki ya kulitaja: ndege ndogo ya safari za ndani, ya shirika lenye umri wa miaka mitano, ilivuka nusu ya dunia na kurudi na abiria wote wakiwa hai.

Kilichoiangusha ATC hakikuwa bunduki. Ndege hununuliwa kwa dola, vipuri vyake ni kwa dola, bima yake ni kwa dola, na miaka ya 1980 nchi haikuwa na dola. Shirika lilikuwa likikusanya shilingi kwa nauli zilizopangwa chini, huku likidaiwa fedha za kigeni. Ndege moja ikiharibika, ratiba nzima ilivurugika. Abiria wa Mwanza walizoea kwenda uwanjani na kurudi nyumbani na mizigo yao. Soko la anga lilipofunguliwa miaka ya 1990, kampuni binafsi kama Precision Air ya Arusha zikaingia na ndege ndogo na kuanza kuchukua abiria walioichoka ATC.

Jaribio la kwanza la kuitafutia ATC mwenza wa kigeni lilikuja kwa jina la Alliance Air. Mwaka 1995 Tanzania na Uganda ziliungana na South African Airways (SAA) kuanzisha shirika la pamoja la safari ndefu, na SAA ikatoa Boeing 747SP. Ndege ile ilikuwa ya fahari, fupi na nene, iliyojengwa kwa safari za mbali sana. Kwa soko la Dar es Salaam na Entebbe ilikuwa kubwa mno na ilikunywa mafuta mno. Alliance ilikusanya hasara mpaka ikafa mwaka 2000. Ilipokufa ilikuwa imeacha somo wazi kabisa kuhusu mwenza anayeleta ndege inayomfaa yeye badala ya inayolifaa soko, na miaka miwili baadaye Tanzania ilikuwa mezani tena na mwenza yuleyule.

Hapa inabidi nitulie kidogo, maana mauzo ya mwaka 2002 hayaeleweki bila kuona yaliyokuwa yakitokea nchi nzima, na hasa huku kwetu. Mtaji wa Afrika Kusini ulikuwa unapanda kuja kaskazini. Mwaka 1993 South African Breweries iliingia kwenye Kampuni ya Bia Tanzania. Mwaka 1994 De Beers ilirudi Mwadui, Shinyanga, na kuchukua asilimia 75 ya mgodi wa almasi ambao serikali ilikuwa imeutaifisha. Mwaka 2000 ABSA ilinunua asilimia 55 ya Benki ya Taifa ya Biashara. Mwaka huohuo mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa, na AngloGold ya Johannesburg ikaingia kama mbia wa Ashanti ya Ghana. Mwaka 2002 uongozi wa shirika la umeme, TANESCO, ulikabidhiwa kampuni ya Afrika Kusini, NetGroup Solutions, na wakubwa wapya waliingia makao makuu wakisindikizwa na polisi kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamewakataa. Mtu wa Shinyanga au Geita mwaka ule angeweza kuchimba almasi au dhahabu ya mwajiri wa Johannesburg, kuweka mshahara kwenye benki ya Johannesburg, kuwasha taa ya kampuni iliyoongozwa kutoka huko, na jioni kunywa bia ya hukohuko.

Na wengi waliona ni sawa. Afrika Kusini haikuwa nchi ya kutiliwa shaka. Tanzania ilikuwa imewahifadhi wapigania uhuru wake, ikawapa ardhi Mazimbu na Dakawa mkoani Morogoro, ikawazika waliofia uhamishoni. Baada ya mwaka 1994 nchi ile ilikuwa ndugu aliyepata. Nani angekataa ndugu aliyepata anapotaka kuingia ubia?

Mkataba ulitiwa saini Desemba 2002, katika serikali ya Rais Benjamin Mkapa. SAA ilichukua asilimia 49 ya hisa kwa dola milioni 20. Fedha hizo zilikuwa na mafungu mawili: dola milioni 10 zilikuwa thamani ya hisa zenyewe, na milioni 10 nyingine zilikuwa za mtaji na mafunzo, kwa ajili ya kutekeleza mpango wa biashara. Serikali ilibaki na asilimia 51, lakini ilikubali kwamba asilimia 10 kati ya hizo zitauzwa kwa mwekezaji binafsi wa Kitanzania. Asilimia hizo kumi zilikuwa muhimu kuliko zinavyoonekana. Zingeuzwa, serikali ingeshuka mpaka 41, na mwanahisa mkubwa kuliko wote angekuwa mgeni. Hazikuuzwa. Serikali ikabaki na wingi wa hisa, na kwa hiyo ikabaki na wajibu ambao haikuutekeleza.

ATC ikawa ATCL, kampuni ya dhima ya kikomo. Machi 31, 2003 ilizinduliwa upya ikiwa na msemo mpya wa Mabawa ya Kilimanjaro, na safari za moja kwa moja kati ya Johannesburg na Dar es Salaam, Zanzibar na Kilimanjaro. Mipango ilikuwa mikubwa. Dar es Salaam ingekuwa kituo kikuu cha SAA Afrika Mashariki, pembe moja ya pembetatu ya dhahabu itakayounganisha kusini, mashariki na magharibi mwa bara. Zingekuja Boeing 737-800 mpya, zingekuja 767 za safari ndefu. Ndege zingetoka Dar es Salaam kwenda Dubai, India na Ulaya.

Zilizoruka kila siku zilikuwa 737-200. Ni ndege yenye injini ndefu nyembamba kama mapipa chini ya bawa, iliyoanza kazi duniani mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa ngumu na ya kuaminika, lakini mwaka 2003 ilikuwa imepitwa: kelele nyingi, mafuta mengi, na umbali wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba Ulaya haikufikika. Safari za Dubai, India na Ulaya ziliahirishwa kwa sababu hapakuwa na ndege ya kuzifanya. Mwaka wa kwanza chini ya mbia mpya ATCL ilipata hasara ya karibu dola milioni 7.3 kabla ya kodi.

Sasa mtazame abiria wa Dar es Salaam anayetaka kwenda London wakati ule kwa shirika lake la taifa. Air Tanzania inampeleka kusini saa tatu na nusu mpaka Johannesburg. Pale anapanda ndege ya SAA, ambayo inamrudisha kaskazini na kupita tena usawa wa nyumbani kwake ikielekea Ulaya. Nauli ya sehemu fupi inaingia kwa ATCL, nauli ya sehemu ndefu, ambako ndiko kwenye faida, inaingia kwa SAA. Hakuna aliyevunja sheria. Shirika kubwa linapomiliki nusu ya shirika dogo na lenyewe lina kituo chake kikuu, litalifanya lile dogo kuwa kijito cha kujaza mto wake, isipokuwa kama mkataba unakataza na mwenye asilimia 51 anasimamia mkataba.

Kwa sababu hiyo siwezi kuwaunga mkono wanaosema ubia na mgeni ni sumu yenyewe. Kenya Airways iliuza asilimia 26 kwa KLM mwaka 1996, na kwa miaka mingi iliyofuata Nairobi ilikua kama kituo cha safari za Afrika, kwa sababu KLM ilihitaji mtu wa kuwasambaza abiria wake barani na Amsterdam haingeweza kufanya kazi hiyo. Škoda iliyokuwa ikichekwa Ulaya nzima ilifufuka chini ya Wajerumani kwa sababu Wajerumani waliweka kiwanda, mitambo na magari mapya. Renault iliiacha Dacia ijenge gari lake la bei nafuu, Logan, lililotoka mwaka 2004. Mbia wa namna hiyo ana sababu yake mwenyewe ya kutaka ufanikiwe. SAA ilikuwa na Johannesburg, na Johannesburg haikuihitaji Dar es Salaam ikue.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. SAA haikuwa kampuni binafsi yenye fedha za kuchezea. Ilikuwa mali ya Transnet, shirika la umma la serikali ya Afrika Kusini. Tulichokiita ubinafsishaji kilikuwa ni shirika la umma kuuziwa shirika la umma la nchi nyingine. Na lile lililonunua lilikuwa na majeraha yake. Mwaka 1999 lenyewe liliuza asilimia 20 kwa Swissair, na Swissair ikaanguka mwaka 2001. Kisha likajifunga kwenye mikataba ya kujikinga na kushuka kwa thamani ya randi, randi ikapanda, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2004 likatangaza hasara ya zaidi ya randi bilioni 8. Ndege mpya za Dar es Salaam zingetoka wapi wakati mwenye nyumba mwenyewe anaungua?

Na serikali yetu, yenye asilimia 51? Ilikaa kwenye bodi. Iliona ndege hazibadiliki, ikaona hasara, ikaona safari zilizoahidiwa haziji. Mwenye hisa nyingi asiyeweka fedha hana sauti, hata kama sheria inampa kura. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki kuliko kosa lolote la SAA, maana kosa la mgeni tunaweza kulieleza kwa maslahi yake, lakini ukimya wa mwenyeji hauna maelezo ya namna hiyo.

Wakati huohuo mshindani alikuwa anajipanga. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air. Kwa hiyo katika anga ya Tanzania kulikuwa na mashirika mawili makubwa, moja lina mbia wa Johannesburg na jingine lina mbia wa Nairobi, kila moja kwa asilimia zilezile 49. Msafiri wa Mwanza au Bukoba alichagua kati ya kusini na kaskazini. Precision iliyokuwa na ndege za pangaboi aina ya ATR, zinazofaa viwanja vyetu vifupi, ikawa inashinda.

Rais Jakaya Kikwete alipoingia Ikulu Desemba 2005, ndoa ilikuwa imekwisha moyoni. Mwaka 2006 serikali ilizinunua tena zile asilimia 49 kwa dola milioni 1. Iliyouzwa kwa milioni 20 ikarudi kwa milioni 1, na tofauti hiyo inaeleza hali ya kampuni iliyokuwa inarudishwa kuliko ripoti yoyote. Mwezi Septemba tiketi za 197 zikarudi kaunta. David Mattaka akapewa uongozi, na Oktoba 1, 2007 Air Tanzania ikazinduliwa kwa mara nyingine.

Miaka iliyofuata ilikuwa michungu kuliko ile ya ubia. Shirika lilikuwa letu lote, na hatukuwa na cha kuliwekea. Ilikodiwa Airbus A320 kwa mkataba ambao uliacha deni la makumi ya mamilioni ya dola, huku ndege yenyewe ikitumia muda mwingi kwenye matengenezo kuliko angani. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliiondolea ATCL cheti cha kuendesha ndege kwa sababu ya upungufu wa kiusalama, na shirika la taifa likakaa chini mpaka mwezi uliofuata. Yakafuatia mazungumzo na Wachina kupitia China Sonangol, nayo yakaisha bila ndege. Machi 1, 2010 Boeing 737-200 iliteleza ikitua Mwanza, gurudumu la mbele likavunjika, na haikuruka tena. Aprili 2012 Dash 8 moja kati ya mbili zilizokuwapo ikaanguka Kigoma wakati wa kuruka. Hakuna aliyekufa katika ajali zote mbili, na hilo tushukuru, lakini kufikia mwaka 2016 shirika la ndege la nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 lilikuwa na ndege moja inayofanya kazi, Dash 8-Q300.

Wafanyakazi wa migodi ya Geita na wafanyabiashara wa samaki wa Mwanza hawakungoja. Walipanda Precision, na tangu Novemba 2012 wakapanda Fastjet, iliyokuja na Airbus na nauli ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzifikiria. Kwa wengi wa huku Fastjet ndiyo iliyowapandisha ndege mara ya kwanza maishani. Nayo ilikuwa na wenye hisa wa kigeni, na Desemba 2018 ikafunga shughuli zake nchini.

Mwaka 2015 alichaguliwa rais kutoka Chato. John Pombe Magufuli alizaliwa hapa Oktoba 29, 1959, na alikuwa mbunge wetu kwa miaka 20, kwanza jimbo likiitwa Biharamulo Mashariki, wakati Chato ikiwa bado mkoa wa Kagera. Njia yake ya kwenda bungeni ilikuwa njia ya kila mtu wa huku: barabara ya Geita, foleni ya magari Busisi, kivuko, kisha Mwanza. Alipopata madaraka, moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya lilikuwa kununua ndege kwa fedha taslimu za serikali. Septemba 2016 zikaja Bombardier Q400 mbili. Julai 2018 ikaja Boeing 787 Dreamliner, na Desemba mwaka huohuo Airbus A220-300, ya kwanza barani Afrika. Mara nyingi ndege ilipokelewa na rais mwenyewe, kwa ngoma na magari ya zimamoto yakiimwagia maji.

Ndege hizo hazikuandikwa kwa jina la ATCL. Zilikuwa mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL ikazikodi. Kusudi moja lilikuwa kuzikinga na wadai wa shirika, ambao walikuwa wengi. Kinga hiyo haikutosha. Mwaka 2017 mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu alifichua kwamba Q400 mojawapo ilikuwa imezuiwa Kanada kwa sababu ya deni la serikali kwa kampuni ya ujenzi ya Stirling, lililotokana na mkataba wa barabara uliovunjwa. Ilifika mwaka uliofuata. Nyingine ilizuiwa hukohuko mwishoni mwa mwaka 2019, na ilipoachiliwa ilitua Mwanza Desemba 14.

Tukio la Johannesburg ndilo lililonishtua zaidi. Juni 2019 Air Tanzania ilirudi kule kwa mara ya kwanza ikiwa na ndege yake mpya, bila mbia, bila kumlisha mtu yeyote abiria. Miezi miwili baadaye A220 ikazuiwa katika uwanja wa O. R. Tambo kwa amri ya mahakama. Mdai alikuwa Hermanus Steyn, mkulima ambaye ardhi na mali zake nchini Tanzania zilitaifishwa miaka ya 1980 na ambaye alikuwa anadai fidia ambayo hakumaliziwa. Mahakama ya Gauteng iliiachia ndege mwanzoni mwa Septemba. Deni la zamani la utaifishaji lilikuwa limelikamata shirika jipya la taifa katika mji uleule ambao lilikuwa limebinafsishwa kwake.

Chato ikapata uwanja. Ujenzi ulianza mwaka 2017, na njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 3, inayoweza kupokea ndege kubwa. Wapinzani walisema rais anajengea kijiji chake, na swali lao lilikuwa halali: Mwanza ilikuwa na uwanja, na ulihitaji jengo jipya la abiria. Waliouunga mkono walitaja dhahabu ya Geita, Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo iliyo karibu, na mikoa ya jirani isiyo na uwanja wa maana. Mimi nafurahi kwamba upo, na bado nasema uamuzi wake haukupimwa kwa abiria. Januari 2021 waziri wa mambo ya nje wa China, Wang Yi, alishukia hapa, na siku chache baadaye akaja Rais Filipe Nyusi wa Msumbiji. ATCL nayo ikauingiza uwanja huu, kwa jina la Geita, kwenye orodha ya vituo vyake. Magufuli alifariki Machi 17 mwaka huo na kuzikwa Chato Machi 26.

Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliendelea kununua. Mwaka 2023 ikaja Boeing 767 ya mizigo, inayoweza kubeba minofu ya sangara na nyama kwenda nje bila kupitia viwanja vya majirani, na 737 MAX ya kwanza ikafuata. Ndege sasa zinalala Dar es Salaam, marubani wanaishi Dar es Salaam, na safari ya Mumbai au Dubai inaanzia Dar es Salaam, kama ilivyoandikwa kwenye mpango wa mwaka 2003 ambao mbia hakuutekeleza.

Fedha bado hazitoshi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti hasara ya shilingi bilioni 35 kwa mwaka 2021/22, bilioni 56 mwaka uliofuata, na bilioni 91 mwaka 2023/24. Sehemu ya hasara inatokana na injini za A220, ambazo zilikuwa na kasoro ya kiwandani na kuzikalisha ndege chini duniani kote, huku gharama za kukodi zikiendelea kuhesabiwa. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku Air Tanzania katika anga yake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 marufuku ikapanuliwa kwa mashirika yote ya Tanzania. Ulaya iliyokosekana mwaka 2003 kwa sababu ya ndege kuukuu sasa inakosekana tukiwa na Dreamliner uwanjani, kwa sababu kazi ya ukaguzi na usimamizi haijafika kiwango kinachotakiwa. Kazi hiyo hainunuliwi kwa fedha taslimu, na hakuna mbia wa kubebeshwa lawama yake.

Huku kwetu limebaki swali la kibiashara ambalo halitazami historia wala jina la mtu. Juni 19, 2025 Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na foleni ya kivuko ikaisha. Mtu wa Chato anafika Mwanza kwa gari bila kusubiri, na Mwanza kuna safari nyingi kwa siku na nauli za kushindania. Ndege ya kuja Geita inahitaji watu wa kuijaza: wa migodini, wa Rubondo, wa Katoro na Runzewe wenye mizigo ya biashara. Viti vikibaki wazi, hesabu yake itaingia kwenye zile bilioni za Mdhibiti, na uamuzi wa kuendelea au kuacha utafanywa na watu waliokaa Dar es Salaam, ambao tunaweza kuwaandikia barua, kuwauliza bungeni, na kuwadai majibu.